Benki zirudishe dole gumba la mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita wa korosho. Linahusu namna sisi watu wa wilayani tulivyohama kutoka kwenye dirisha la benki kwenda kwenye simu, na kitu kimoja kidogo ambacho kiliachwa nyuma katika kuhama huko bila mtu yeyote kuulizwa. Kitu hicho ni dole gumba la mteja asiyejua kusoma.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi katika wilaya ya Newala, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia katika uongozi wa chama chetu cha msingi cha ushirika. Kwa nafasi hizo mbili nimeziona fedha zikiwafikia wenyewe kwa kila njia, kuanzia noti zilizohesabiwa juu ya meza ya ghala hadi ujumbe unaoingia kwenye simu usiku wa manane na kumwamsha mwenye shamba. Siandiki kwa kuichukia simu. Umeme nanunua kwa simu, pensheni yangu naiangalia kwa simu, na sina hamu hata kidogo ya kurudi kwenye foleni niliyoijua.

Nilipoanza kazi mwaka 1982, mwalimu wa kijijini hakuwa na sababu ya kujua mlango wa benki uko upande gani. Mwalimu mkuu alikwenda wilayani mwisho wa mwezi, akarudi na mishahara ndani ya mkoba, nasi tukapanga mstari mbele ya meza yake na kutia saini kwenye orodha. Mwenzetu aliyekuwa na kitabu cha akiba cha Posta alihesabiwa kuwa mtu aliyeendelea. Benki ya biashara tuliyoisikia ilikuwa moja, yaani NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa baada ya benki za binafsi kutaifishwa Februari 1967. Ilipogawanywa mwaka 1997, matawi mengi ya wilayani yakawa ya benki mpya ya NMB, na ni katika miaka hiyo ndipo wengi wetu tulipotakiwa kufungua akaunti ili mshahara upitie huko.

Hapo ndipo nilipojifunza taratibu za tawi. Ulijaza fomu ya kutolea fedha kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza, kalamu ambayo mara nyingi ilikuwa imekauka wino, ukakaa kwenye benchi, ukaitwa. Karani alivuta kadi ya saini kutoka kwenye droo, akailinganisha na fomu, akakutazama usoni, akaitazama picha yako, ndipo akahesabu. Kwa mteja asiyeweza kuandika utaratibu ulikuwa mrefu zaidi, nami nilikuwa miongoni mwa walionung'unika kwenye foleni kwa sababu yake. Karani alimwita mwenzake mmoja, wakaleta wino wa muhuri, mteja akabandika dole gumba kwenye fomu, na kabla ya fedha kutoka mmoja wao alimwinamia na kumwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, unatoa laki mbili na nusu, ndivyo?" Naye akijibu "ndivyo," wale wawili wakatia saini zao chini ya alama ya kidole. Jambo hilo lilichukua dakika kumi, na sisi wenye haraka zetu tulikuwa tukikohoa kwa makusudi.

Leo nautazama utaratibu ule kwa jicho lingine. Ndani ya dakika zile kumi mteja alisomewa kiasi anachotoa, alikubali kwa kinywa chake, na watu wawili wa benki waliweka majina yao kuwa mashahidi kwamba alikubali. Kama siku ya pili angesema fedha zake zimepungua, ingefunguliwa droo na karatasi ingezungumza.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninalililia tawi la zamani. Ubaya wake niliuona wote. Kutoka kijijini kwetu ilibidi mtu apande gari la alfajiri, alipe nauli ya kwenda na kurudi, ashinde na njaa, na pengine ikifika saa nane mchana aambiwe fedha zimekwisha, arudi kesho. Wenye ndugu mjini walilala kwa ndugu, na wasio na ndugu walilala barazani. Ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho, ambapo mkulima hukabidhi korosho ghalani, hupewa stakabadhi na hulipwa baada ya mnada, msimu wa 2007/2008, na baadaye malipo yakawa yanapita benki badala ya kuhesabiwa ghalani, foleni zile zilizidi kunenepa kila mwezi wa Oktoba hadi Januari. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipoamua kwamba Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yaingie kwenye akaunti za wakulima wenyewe baada ya uhakiki, niliwaona wazee ambao hawajawahi kuingia benki maishani mwao wakipigwa picha za pasipoti kwa mara ya kwanza ili wafungue akaunti. Na mtu aliyetoka tawini na fedha nyingi alitembea akigeuka nyuma kila hatua, kwa kuwa waliomvizia walijua siku ya malipo kama yeye alivyoijua. Aliyetuondolea mateso hayo ametutendea wema, na ninasema hivyo bila kusita.

Wema huo ulikuja kwa hatua mbili. Kwanza ilikuja simu: M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Kisha Benki Kuu ikatoa mwongozo wa mwaka 2013 ulioziruhusu benki kutumia mawakala, na tangu hapo duka linalouza sabuni na viberiti likaweza kuwa pia mkono wa benki. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, wakati wanaotumia benki ni asilimia 22 tu. Kwa maneno mengine, wengi tumeingia kwenye nyumba ya fedha kupitia simu na wala hatukupitia mlango wa tawi.

Kijana wangu anayeishi Dar es Salaam ndiye mfano wa upande wa pili wa habari hii. Ana programu ya benki kwenye simu janja, analipa karo za wanawe kwa namba ya malipo, dukani analipa kwa Lipa Namba, na ananiambia hakumbuki mara ya mwisho kukanyaga tawi. Kwake benki ni kioo cha simu. Hata yeye alipata somo Mei 2024, pale mikongo ya intaneti ya baharini ilipokatika na huduma zikadorora nchini, akakaa siku nzima hawezi kuifungua programu yake, akanipigia kuniomba nimtumie nauli kutoka kwenye simu yangu ya kitochi. Nilimtumia, na sikuacha kumkumbusha. Lakini kijana huyo anasoma, anaandika, anajua kupiga simu huduma kwa wateja na kubishana. Barua hii haimhusu.

Inamhusu jirani yangu mmoja, mjane, ambaye umri wake unazidi wangu kwa miaka mingi. Marehemu mumewe alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, yeye hakusoma kwa sababu alikuwa na watoto wadogo mgongoni na mikononi, na tangu ujana wake saini yake ni dole gumba. Ana mikorosho yake mwenyewe na anaihudumia mwenyewe kwa kuwalipa vijana wa kupuliza salfa, dawa ya kukinga mikorosho na ukungu. Msimu uliopita malipo yake yaliingia siku ya Ijumaa, shilingi 1,740,000, katika benki ambayo sitaitaja kwa kuwa ninaamini yangemkuta hayo hayo katika benki nyingine yoyote. Mjukuu wake alimsomea ujumbe. Siku hiyohiyo wakaenda kwa wakala kutoa laki mbili za matumizi.

Mhariri, naomba nieleze kilichotokea kwa wakala, kwa sababu ndicho kinachotokea kila siku mbele ya macho yetu. Bibi alimkabidhi wakala simu. Wakala alibonyeza menyu, akafika mahali pa namba ya siri, akauliza, "Bibi, namba yako?" Bibi akaitaja kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, kama mtoto anayejibu hesabu darasani. Kibandani palikuwa na watu wapatao sita wakisubiri. Wakala akabonyeza, fedha zikatoka, risiti ikachapwa, kila mtu akaridhika. Hakuna aliyeona kosa, nami ningekuwepo nisingeliona.

Kijiji chetu hakina umeme katika kila nyumba. Bibi huipeleka simu yake kuchajiwa kwenye kibanda cha kijana mmoja mjini, nayo hulala huko. Katika siku tisa zilizofuata simu ilikwenda kuchajiwa mara tatu, na katika siku hizo tisa fedha zilihamishwa kutoka kwenye akaunti yake mara tatu, laki nne, laki nne, na laki tatu, kwenda kwenye namba ya simu ambayo yeye haijui, huku ujumbe wa taarifa ukifutwa kila mara. Aliporudi kwa wakala kutaka fedha za kuezekea nyumba aliambiwa salio ni laki nne na kidogo. Sijui ni nani aliyefanya hivyo na sitamtuhumu mtu. Waliokuwepo kibandani walikuwa wengi, na waliopita kwenye kibanda cha kuchajia ni wengi zaidi.

Nilimsindikiza benki. Ofisa aliyetupokea alikuwa binti mwenye adabu, alitupa viti, akachapa taarifa ya akaunti na kutuonyesha miamala yote mitatu kwa saa na dakika. Kisha akasema maneno ambayo naamini amefundishwa kuyasema: namba ya siri iliyotumika ilikuwa sahihi, mfumo haukuwa na hitilafu, na mteja anayempa mtu mwingine namba yake ya siri anabeba hasara mwenyewe. Nilipomtafsiria jirani yangu kwa Kimakonde, alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, zamani hapa walikuwa wananichukua kidole. Sasa kidole changu hakitakiwi tena?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana naandika.

Benki zote, na Benki Kuu yenyewe, zimetufundisha kwa redio, kwa mabango na kwa ujumbe mfupi usiokoma kwamba namba ya siri asipewe mtu yeyote. Kwangu mimi ni onyo sahihi, kwa sababu ninaweza kulitii. Kwa mtu asiyesoma onyo hilo halina pa kushika, kwa maana huduma yenyewe imejengwa kwa namna ambayo hawezi kuitumia bila mtu mwingine. Ni sawa na kumwambia kipofu avuke barabara na asishikwe mkono. Asipotoa namba yake, fedha zake hazitoki, na akiitoa, sheria inamhesabu kuwa mzembe.

Anayedhani ninatia chumvi na achukue simu ya kitochi, aingie kwenye menyu ya benki yake, kisha ajaribu kuitumia kama vile hajui kusoma. Ataona kwamba maandishi ni madogo na yamekatwakatwa. Ataona kwamba akichelewa kidogo menyu inajifunga na inambidi aanze upya, jambo ambalo humtia hofu mzee akadhani fedha zimekwisha kutoka. Na kwenye simu nyingi za aina hiyo, namba ya siri anapoiandika inaonekana wazi kwenye kioo, tarakimu zote nne, kwa yeyote aliyesimama nyuma ya bega lake. Tumeambiwa tuifiche namba hiyo kwa watu, na chombo chenyewe tulichopewa kinaionyesha.

Nisije nikaonekana kwamba nawatetea wasiosoma peke yao, nikiri na la kwangu. Ule ujumbe maarufu wa matapeli, "ile pesa tuma kwenye namba hii," uliwahi kunifikia siku ambayo kwa kweli nilikuwa nasubiri muuzaji wa salfa anitumie namba ya kumlipia. Nilikuwa nimekwisha kuandika kiasi, nikabakiza kubonyeza kukubali, ndipo jina lililotokea kwenye kioo likawa la mwanamke wakati muuzaji wangu ni mwanamume. Kilichoniokoa ni kusoma jina. Niliituma namba ile kwa 15040 kama tunavyoelekezwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lakini usiku huo nilijiuliza jirani yangu angesoma nini.

Sasa nieleze ninachoomba. Sote tunakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliofikia kikomo Januari 20, 2020. Vijana wenye miavuli walikaa kando ya masoko wakiwa na vimashine, tukabandika vidole, vikalinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na asiyesajiliwa laini yake ikafungwa. Jirani yangu alisajiliwa kwa njia hiyo. Siku hizi hata akaunti ya benki inaweza kufunguliwa kwa namba ya NIDA na kidole. Basi kidole kinachotosha kumtambua bibi huyu anapopewa laini, kinachotosha kumtambua anapofungua akaunti, kwa nini kisitakiwe wakati fedha zake zinatoka? Kwa wakala ninayemfahamu mimi hakuna mahali pa kubandika kidole. Kuna tarakimu nne tu.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa na wataalamu, nalo ni jibu la haki: mashine za vidole huwakataa wakulima. Ni kweli. Jembe hula ngozi, na anayebangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya ganda lake yanavyochoma na kubabua vidole. Wakati wa usajili wa NIDA niliwaona wazee wakipanguswa vidole kwa kitambaa mara tano na mashine bado inakataa. Kwa hiyo siombi mashine peke yake. Dole gumba la zamani halikuwa na maana kwa sababu ya michoro yake, ambayo karani wa Newala hakuwa na utaalamu wa kuisoma. Lilikuwa na maana kwa sababu ya wale watu wawili waliosimama hapo, wakamsomea mteja kiasi na kutia saini zao chini ya alama yake. Ninachoomba kirudi ni shahidi.

Mteja anayetaka, wakati wa kufungua akaunti au wakati wowote baadaye, aruhusiwe kuandikisha benki mtu mmoja au wawili anaowaamini, awe mtoto wake, jirani, au katibu wa chama chake, na achague mwenyewe kiwango cha fedha ambacho juu yake hakuna muamala utakaopita kabla mmoja wa hao hajathibitisha kutoka kwenye simu yake. Shahidi huyo asiwe na uwezo wa kutoa fedha. Awe na uwezo wa kukubali au kukataa tu. Kama utaratibu huo ungekuwepo, laki nne ya kwanza ya jirani yangu ingeishia kwenye simu yangu, nami ningempigia mjukuu wake kumuuliza. Leo hii mjukuu na wakala wanaifanya kazi ya shahidi bila kuandikwa popote na bila kuwajibika kwa lolote, na benki inajifanya haijui kwamba wapo, ingawa bila wao maelfu ya akaunti zake za vijijini zisingefanya muamala hata mmoja.

Vilevile benki zinazotupigia simu za kurekodiwa kututangazia mikopo na bahati nasibu haziwezi kusema hazina njia ya kumpigia mteja na kumwambia kwa sauti, kwa Kiswahili, "Unahamisha laki nne kwenda kwa fulani; bonyeza moja kama unakubali." Sauti ile ya chini ya karani aliyemwinamia bibi inaweza kurudi kwa njia hiyo. Tena si kwa wasiosoma peke yao, kwa maana hata mwenye macho mabovu kama yangu ataifurahia.

Kuhusu matawi, siombi yajengwe mapya kila kata. Ninaomba katika majuma ya malipo ya korosho, ambayo ratiba yake inajulikana kwa kuwa minada hutangazwa na chama kikuu cha ushirika hujua fedha zinaingia lini, benki ilete ofisa wake ghalani kwa siku moja au mbili. Wakati huo floti ya mawakala wetu, yaani fedha walizonazo za kuwalipa wateja, huisha ifikapo saa nne asubuhi, na mkulima hulazimika kuzunguka kwa mawakala watatu au wanne, akitaja namba yake ya siri katika kila kibanda. Ofisa mmoja mwenye gari, askari na karatasi angepunguza vibanda hivyo hadi kimoja.

Nitaambiwa kwamba haya yote yana gharama. Yanayo, lakini na tuulizane gharama za zamani zilikwenda wapi. Tawi lilipokuwa likinihudumia, benki ilimlipa karani, ilinunua karatasi na kalamu zake zilizokauka, ililipa umeme na mlinzi. Leo kazi ya karani naifanya mimi, kwa simu niliyoinunua mimi, kwa chaji ninayoilipia mimi, na kwa kila muamala ninakatwa ada. Tumekwisha kuona jinsi watu wanavyohesabu makato hayo kwa makini. Serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021, hapa kwetu watu walirudi kumkabidhi kondakta wa basi bahasha ampelekee ndugu, na ni baada ya kelele ndipo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huohuo na kuendelea kuondolewa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Sehemu ndogo ya ada tunazokatwa sasa ingetosha kumlipia bibi huyu simu moja ya kumsomea kiasi.

Jambo jingine ni risiti. Mjukuu alikuwa ametunza risiti ya siku ile ya kwanza, akidhani itasaidia. Tulipoifungua mbele ya ofisa, karatasi ilikuwa nyeupe kabisa, maandishi yamefutika kwa joto la mfukoni. Fomu za zamani, zile zenye dole gumba, ninaamini bado zinasomeka popote zilipo.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinampa mteja haki ya kulalamika kwa benki yake na, asiporidhika, kulifikisha lalamiko lake Benki Kuu. Njia hiyo tumeianza, na ikibidi tutaifuata hadi kwenye tawi la Benki Kuu lililopo Mtwara. Sitarajii kwamba barua hii itarudisha shilingi 1,100,000 za jirani yangu. Ila minada itafunguliwa tena Oktoba, fedha zitaingia tena, na vibandani watu watataja tena namba zao kwa sauti.

Siku tulipowasilisha lalamiko, ofisa alitupa fomu ya kurasa mbili. Nilimwandikia jirani yangu maelezo yake, nikamsomea, akakubali. Nikauliza atie saini wapi, nikaeleza kwamba hajui kuandika. Yule binti hakushangaa hata kidogo. Alifungua droo ya chini, akatoa wino wa muhuri, akamwita mwenzake kutoka meza ya pili aje kushuhudia, akakishika kidole cha bibi kwa upole na kukibandika kwenye fomu, kisha wote wawili wakatia saini chini yake na kuigonga muhuri wa benki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara.